Kifungashio cha ubuyu wa watoto: anza na mkono wa mtoto, katuni baadaye

Mtoto wa dada yangu, wa darasa la pili, alinijia na pakiti ya ubuyu niliyoifungasha kwa mikono yangu. "Mama mdogo, haifunguki." Sijanyoosha mkono kuipokea, yeye ameshaitia menoni. Akavuta. Kikaratasi cha juu kikang'oka na pini yake ya stepla, nailoni ikapasuka hadi chini, ubuyu ukamwagika sakafuni na mwingine ukaishia kwenye shati jeupe la shule. Pini niliitoa mimi kwenye ulimi wake, kwa kidole.

Ile pakiti ilikuwa na picha ya tumbili anayecheka, na ndiyo maana nilikuwa naiita pakiti ya watoto. Tangu siku hiyo nimebadilisha mpangilio mzima wa kazi. Mkono wa mtoto, meno yake na koo lake ndivyo vinavyoamua mfuko uweje, na picha inakuja mwisho. Hapa chini nimeandika hatua kama ninavyozifuata, nikitumia ubuyu kwa sababu ndio ninaoujua. Anayefungasha karanga, visheti, kashata au krispi za ndizi atapata mengi ya kuchukua.

Hatua ya 1: Taja umri, kisha pima kilichomo

"Watoto" ni neno pana mno. Wa miaka miwili, wa chekechea na wa darasa la nne hawana mikono sawa wala koo sawa. Kabla ya kununua mfuko hata mmoja, andika kwenye daftari: pakiti hii ni ya mtoto wa umri gani, na ataila akiwa wapi, na nani.

Ubuyu una mbegu ngumu inayoteleza ikishanyonywa sukari yake. Wanaopima vifaa vya kuchezea vya watoto wana kipimo rahisi: silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, ambayo ndani yake imeinama kuanzia kina cha milimita 25.4 hadi 57.1. Kitu chochote kinachoingia chote humo bila kubanwa hakifai kupewa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa kuwa kinaweza kumziba koo. Kunja karatasi ngumu upate mrija wa upana wa sentimita tatu na kidogo, udondoshe mbegu ya ubuyu. Inapita bila kugusa ukuta. Karanga nayo inapita, na pipi pia.

Tena miaka 3 haitoshi kwa vitu vya kutafuna. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri karanga nzima na pipi ngumu zisipewe watoto wa chini ya miaka 4, na huduma ya afya ya Uingereza inasema karanga nzima zisubiri mpaka miaka 5. Mimi nimechukua 5, na nimeichapa kwa mbele, chini ya jina la bidhaa, kwa herufi zinazoonekana bila kukodoa macho: "Kwa watoto wa miaka 5 na zaidi. Una mbegu ngumu." Kuna rafiki wa biashara aliyeniambia maneno hayo yatafukuza wateja. Mama mmoja mwenye mtoto wa miaka miwili aliirudisha pakiti rafuni baada ya kuyasoma, akamchukulia mwanawe biskuti. Nililiona hilo kwa macho yangu, na kwangu lebo ilikuwa imefanya kazi yake.

Ukitaka kuwalenga wadogo zaidi, tengeneza bidhaa nyingine. Unga wa ubuyu uliochekechwa vizuri unaweza kuingia kwenye uji au juisi. Ila ujue kwamba vyakula vya watoto wa miezi 6 hadi 36 vina masharti yake, kufuatia azimio la Mkutano wa Afya Duniani la mwaka 2016 kuhusu namna ya kuvitangaza. Usibandike picha ya kichanga kwenye unga wowote kabla hujawauliza TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Hatua ya 2: Kiasi cha pakiti

Mtoto akifungua pakiti, humaliza. Kwa hiyo ukubwa wa pakiti ndio kipimo chake cha sukari. Fanya hesabu ya mapishi yako. Mimi napika kilo 1 ya ubuyu kwa gramu 600 za sukari. Maji yakishakauka nabaki na kama kilo 1.6, yaani zaidi ya theluthi ya uzito ni sukari. Pakiti yangu ya zamani ya gramu 40 ilikuwa na gramu 15 za sukari, karibu vijiko vinne vya chai. Sasa nafungasha gramu 25, na sukari imeshuka hadi vijiko viwili na kitu. Bei nayo nimeishusha kwa kadiri ileile.

Hatua ya 3: Mfuko wenyewe

Hapa usiharakishe, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Ubuyu unavuta unyevu. Ule unga mweupe unaozunguka mbegu hunyonya maji ya hewani, na sukari nayo vivyo hivyo. Ubuyu uleule uliofungwa siku moja, ukipelekwa Dodoma unakaa mkavu, ukibaki Dar es Salaam wakati wa mvua za masika unashikana kama ulimbo. Mfuko wa kaki mtupu, ingawa unapendeza, unaupitisha unyevu. Kaki utakaokufaa ni ule wenye utando wa plastiki au foili kwa ndani. Chana mmoja uangalie: ukiona tabaka la kung'aa limeshikana na karatasi, sawa. Nailoni nyembamba ya kufungia barafu achana nayo, inapasuka ovyo na kutawanya chakula.

Muulize muuzaji wa vifungashio swali moja bila aibu: umetengenezwa kwa ajili ya chakula? Alama ya glasi na uma ndiyo ya kutafuta, pamoja na karatasi za kiwandani zinazotaja aina ya plastiki. Upande unaogusa chakula usiwe na wino kabisa. Karatasi ya gazeti au ya daftari lililotumika isiguse ubuyu hata kwa dakika moja, kwani ubuyu una ukakasi wa kunata na hubeba wino hadi mdomoni.

Kuhusu katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019: lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya chakula vilivyokidhi viwango havikuingizwa humo. Lakini hilo halikupi ruhusa ya kumkabidhi mteja pakiti zake ndani ya "rambo".

Sasa umbo. Pakiti zetu za kienyeji ni ndefu na nyembamba, kama kidole. Mkono wa mtoto hauingii, kwa hiyo anainua kichwa na kumimina mdomoni, mara nyingi huku anakimbia. Hakuna njia mbaya zaidi ya kula kitu chenye mbegu. Nimehamia kwenye mfuko unaosimama wenyewe, wenye kitako, upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 15, unaofungwa kwa zipu. Mdomo wake ni mpana, vidole vinne vya mtoto wa miaka saba vinaingia, anachomoa mbegu mojamoja. Hajaambiwa na mtu ale taratibu, mdomo wa mfuko ndio umempangia.

Zipu ina faida mbili. Anayebakiza anafunga na kuweka mfukoni. Faida ya pili niliigundua baadaye: watoto hawana pa kutemea mbegu. Wanazitema chini darasani, chini ya dawati, kwenye daladala. Nikachora nyuma mkono unaorudisha mbegu mfukoni, na maneno mawili, "Mbegu humu". Mwalimu mmoja alinipigia simu kunishukuru.

Mwisho wa umbo: pembe. Mifuko iliyobanwa kwa moto huwa na ncha kali juu, na mtoto huipeleka usoni. Chagua yenye pembe zilizoviringwa. Kama huipati, kata pembe kwa mkasi uzizungushe. Pakiti mia moja hazizidi robo saa.

Hatua ya 4: Kufunga na kufungua

Stepla hapana. Siyo ya kikaratasi cha juu, siyo ya kufungia mdomo, siyo "kwa muda tu". Uzi wa plastiki uliofungwa fundo nao hapana, mtoto atautafuna.

Tumia mashine ya kusili, yaani ya kubana mdomo wa mfuko kwa joto, hata ile ndogo ya mezani. Kazi ni kupata joto linalofunga bila kuunguza. Likiwa dogo, hewa inapita. Likizidi, plastiki inakuwa ngumu na kukatika kama wembe. Jaribu kwa mifuko kumi mitupu: jaza hewa, funga, zamisha kwenye beseni la maji, bonyeza kwa viganja. Povu likitoka, ongeza joto kidogo au muda wa kubana, urudie. Ukipata kipimo kizuri, weka alama ya kalamu kwenye kitufe cha mashine ili kesho asije mtu akakigeuza.

Juu ya zipu, pembeni, lazima pawe na kijipasuo kidogo cha kuanzia kuchana. Mifuko mingi inakuja nacho pande zote mbili. Hakikisha mstari wa kusili unapita juu zaidi ya kijipasuo, usikikanyage wala usishuke chini yake. Mimi nilikosea hapo kwenye mzigo mzima wa kwanza: nilisili chini mno, kijipasuo kikabaki hewani juu ya mstari, na mtoto akichana anang'oa utepe mtupu, mfuko umefungwa vilevile. Sasa kuna kipande cha ubao nimekigongelea mezani, mfuko unaegemea hapo na kila mstari unaangukia mahali pamoja.

Ubuyu upoe kabisa kabla ya kufungwa, usiku kucha kwenye sinia lililofunikwa kwa kitambaa safi. Ukifunga wa moto, mvuke unageuka matone ndani ya mfuko, na baada ya siku chache unafungua kuvu.

Hatua ya 5: Visivyotakiwa ndani ya pakiti

Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu, vyenye punje za silika, usiviweke kwenye chakula cha mtoto. Vinafanana na vipakiti vya sukari. Kama mfuko ni mzuri na ubuyu umekauka, huvihitaji.

Pia sarafu, pete na vijizawadi. Najua vinauza, nimekulia mtaani nikivitafuta kwenye pakiti za bisi. Lakini mtoto anayekula haangalii. Sheria ya chakula ya Marekani ya mwaka 1938 ilikataza kufukia kitu kisicholiwa ndani ya peremende, na ndiyo iliyozuia mayai ya Kinder Surprise kuuzwa huko. Ukitaka kumpa zawadi, ichapishe: kitendawili nyuma ya mfuko, jibu chini kwa maandishi yaliyogeuzwa.

Hatua ya 6: Uso wa mbele, na rangi

Sasa ndiyo zamu ya picha. Uso wa mbele ni wa mtoto, mgongo ni wa mzazi. Mbele weka vitu vitatu tu: jina, picha moja, na umri. Mtoto wa darasa la kwanza anasoma herufi ndogo vizuri kuliko herufi kubwa zote, hivyo andika "ubuyu" kama alivyofundishwa ubaoni, kwa mwandiko ulionyooka usio na mikia ya mapambo.

Usichukue katuni za kwenye televisheni. Zina wenyewe, na siku wakikutafuta utachoma mzigo wote. Lipo pia suala la haki kwa mtoto: Chile tangu 2016 wanakataza wahusika wa katuni kwenye vyakula vyenye sukari nyingi kupita kiwango chao, kwa kuwa mtoto hawezi kujadiliana na mhusika anayempenda. Ubuyu wa sukari ungeingia humo. Mimi nimeweka mti wa mbuyu, shina nene na matawi yake kama mizizi iliyopinduka, na watoto wawili wamekaa chini yake. Wamekaa makusudi: picha inamfundisha mtoto kula akiwa amekaa, na sijaandika amri yoyote. Msanii alitaka wawe wanaruka kamba. Nikakataa.

Usichore maembe na nanasi kama hamna embe wala nanasi. Na kama umepikwa Mbagala, usiandike umetoka Zanzibar. Andika "kwa mapishi ya Kizanzibari", hiyo ni kweli.

Kwenye rangi ya chakula chenyewe nina msimamo. Nyekundu ya ubuyu wetu mara nyingi ni rangi za viwandani zenye namba E122, E124 au E129. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliochapishwa 2007 ulizihusisha rangi za kundi hilo na utukutu wa watoto, na tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka bidhaa yenye rangi hizo iandikwe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa mtoto. Kwa hiyo nimehamia kwenye choya. Chemsha maua yaliyokaushwa, chuja, na maji yake ndiyo uyayeyushie sukari. Wekundu wa choya hudumu kwenye uchachu, na ubuyu ni mchachu wenyewe, basi wanapatana. Hautang'aa kama ule wa dukani. Unafifia kwenye mwanga, ndiyo maana kidirisha cha mfuko wangu ni kidogo, saizi ya sarafu. Nataka mtoto aone kilichomo, sitaki jua la dukani kwa Mangi liupaushe. Na shati jeupe linafulika.

Hatua ya 7: Mgongo wa pakiti

Mzazi anataka kujua kilichomo, nani kakitengeneza, na kitaharibika lini. Andika kwa Kiswahili: jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kizito zaidi hadi kidogo, uzito halisi bila mfuko, jina na anwani yako, nchi, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namna ya kuhifadhi. Kama umetumia rangi, itaje kwa jina au namba yake. Kama sufuria hiyohiyo inakaanga karanga, sema "Umepikwa mahali panapotengenezwa bidhaa za karanga." Kuna watoto ambao karanga kidogo tu inawavimbisha koo.

Wenzetu wa Ulaya wameweka herufi ndogo kabisa ya lebo isipungue milimita 1.2, wakipima kimo cha herufi ndogo "x". Mimi natumia 2. Bibi ndiye anayemnunulia mjukuu, na bibi hatembei na miwani dukani.

Usiandike "unaongeza damu", "unatibu malaria", "unakuza akili". Ni kweli unga wa ubuyu una vitamini C kwa wingi, lakini madai ya tiba hayaruhusiwi kwenye lebo ya chakula, na joto la sukari linapunguza vitamini hiyo.

Tarehe zipigwe kwa wino usiofutika, mahali ambapo mkono haupasugui. Barkodi, kama unalenga supamaketi, utaipata GS1 Tanzania. Zao huanza na 620. Iweke mahali palipolala, siyo kwenye mkunjo wa kitako. Uzito utakaguliwa na Wakala wa Vipimo, na alama ya ubora utaiomba TBS. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, atasaidiwa barua na unafuu wa ada.

Hatua ya 8: Wape watoto, ukae kimya

Usichapishe mifuko elfu kabla ya hatua hii. Anza na mifuko isiyo na maandishi na stika. Uchapishaji wa kiwandani unataka silinda za kuchapia na idadi kubwa, na kosa moja la tahajia litabaki nawe mwaka mzima.

Tafuta watoto kumi wa umri ulioutaja, kwa ridhaa ya wazazi, na uliza kama kuna mwenye mzio. Wanawe mikono. Mpe kila mmoja pakiti na usimwelekeze chochote. Hapa wengi huharibu: mtoto akihangaika sekunde tano, mtu mzima anasema "chana hapo". Funga mdomo. Andika: ameshika wapi kwanza? Ametumia meno? Imechukua muda gani? Kimemwagika kiasi gani? Mbegu kaziweka wapi? Halafu muulize picha inasema nini.

Kwenye jaribio langu la kwanza, saba kati ya kumi walipeleka mfuko mdomoni moja kwa moja. Kijipasuo kilikuwepo lakini hawakukiona, kilikuwa hakina alama yoyote kwenye plastiki isiyo na rangi. Nikaongeza mstari wa nukta nyekundu na mkasi mdogo uliochorwa pembeni. Mara ya pili walitumia meno wawili, na mmoja kati yao aliniambia hapendi kuchana kwa mkono kwa sababu mkono wake ulikuwa na jasho. Nikabadilisha plastiki laini nikachukua yenye mparuzo kidogo.

Hatua ya 9: Baada ya kuuza

Kila bechi, bakiza pakiti tatu kwenye kabati mpaka tarehe yake ya mwisho ipite. Fungua moja kila mwezi, uonje, uangalie zipu. Mzazi akipiga simu kulalamika, unayo pakiti ya siku ileile mkononi.

Kisha, wiki ya kwanza baada ya kusambaza, nenda kwenye lango la shule muda wa kutoka. Beba mfuko, okota pakiti zako tupu zilizotupwa, urudi nazo nyumbani uzipange mezani. Mara ya mwisho niliokota ishirini na mbili. Kumi na tano zilichanwa kwenye nukta. Nne zilitobolewa kitakoni, sijajua kwa nini, na Jumatatu narudi kuwauliza. Tatu zilikuwa zimefungwa zipu, na mbegu zote zimo ndani.